Kuhusu Baba Yako na Kadi Yako ya Bima

Sesilia mwanangu,

Habari za blanketi, masufuria na kuchemsha maji ya kunywa sitaziandika. Umekaa chuoni muda wote ule bila mimi na hukufa. Kesho asubuhi gari la Loliondo likipita hapa Karatu utapanda, uende ukawe muuguzi wa zahanati huko Piyaya, na mimi nitabaki nikigombana na kuku. Hilo tumeshalimaliza, na nimeshalia peke yangu jikoni, kwa hiyo usinitafutie machozi stendi. Nakuandikia kwa ajili ya swali lako la leo mezani, lile uliloniuliza mbele ya baba yako mdogo Gwandu, nami nikasimama nikaanza kukusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula.

Ulisema, "Mama, nimwandike baba kwenye bima yangu, au nimwache?"

Usidhani nilikosa jibu. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo pale, Gwandu angelala nje na baridi hii. Ni mgeni, kaja kumsemea kaka yake, na ubwabwa wangu alikula vizuri tu. Lakini ulimsikia mwenyewe: "Shemeji, kaka figo zimekwisha. Anasafishwa damu Arusha, ng'ombe wameisha, shamba la vitunguu la Mang'ola limeisha. Sesilia sasa ni mtumishi wa serikali, kadi yake ina nafasi ya wazazi. Ni kuandika jina tu."

Ni kuandika jina tu! Hee! Mtu aliyeandikwa kila mahali tangu azaliwe anaona kuandikwa ni jambo dogo.

Wewe unajua kwamba baba yako alituacha. Hujui nilijuaje. Watu wote hapa wanadhani niliambiwa na wambea wa kambi ya shamba, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu ukweli ulinitia aibu. Leo aibu imenitoka, nadhani ilitoka Gwandu alipoomba aongezewe mchuzi. Basi nitakueleza, na nitaanza na kosa langu, maana lilitangulia la kwake.

Nilikuja kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani kutoka Singida nikiwa msichana, na kundi la wachumaji wenzangu wa kwetu. Kila mchumaji alikuwa na namba yake kwa karani. Jioni unapanga mstari na gunia lako, buni zinapimwa kwa debe, karani anaandika debe zako kwenye namba yako. Nilikuwa na mikono myepesi, nakwambia. Wanaume walikuwa wanakuja kuangalia ninavyochuma. Mmoja wao alikuwa baba yako, kijana wa Mbulu, mpole, anaimba kanisani, meno meupe. Tukaoana.

Msimu uliofuata karani akaniuliza, "Paulina, namba yako ya zamani niendelee nayo?" Nami nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Nina mume. Debe zangu ziandike kwake."

Niliona fahari, Sesilia. Ndivyo wake za watu walivyofanya pale kambini. Mwanamke mwenye namba yake mwenyewe alionekana hana mtu, au ana mtu asiyeaminika. Kwa hiyo nilichuma, nikamimina kwenye debe la mume wangu, na jioni yeye ndiye aliyesimama mbele ya karani na mimi nimesimama nyuma yake na gunia tupu. Wewe nilikuchukua mgongoni humohumo kwenye mistari ya kahawa. Debe zikapanda. Mnyapara akamsifu, meneja akamsifu, na msimu hata msimu waliokuwa na debe nyingi walianza kupewa ajira ya kudumu. Baba yako akapewa. Ajira ya kudumu ndiyo iliyokuja na bima ya afya. Akaleta kadi nyumbani, yake, yangu na yako, zina picha zetu, nikazifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyefunga dhahabu. Mikono yangu ndiyo iliyozileta zile kadi. Hilo halikunijia kichwani hata siku moja.

Wewe ulikuwa bado hujaanza shule ulipougua kifua. Baba yako alikuwa ameshahamishiwa kuendesha trekta upande wa chini, analala hukohuko, anakuja nyumbani akijisikia. Asubuhi hiyo ulikuwa unahema haraka na mbavu zinaingia ndani, na midomo imebadilika rangi. Sasa unajua jina la ugonjwa huo kwa kitaalamu. Mimi nilijua tu kwamba unaondoka. Nikakufunga mgongoni, nikarukia tela lililokuwa linapeleka maziwa mjini, nikafika hospitali nikiwa na amani moyoni. Kweli kabisa, amani! Nina kadi. Wenzangu wakiugua wanahangaika kukopa, mimi nina kadi.

Nikaipitisha dirishani. Yule dada akaingiza namba, akaangalia, akaingiza tena.

"Mama, kadi hii imefungwa."

"Imefungwaje? Mume wangu yuko kazini, jana tu nimemsikia na trekta."

"Mume wako yupo, yake inafanya kazi. Wewe na mtoto ndio mmetolewa. Mwenye kadi amebadilisha wategemezi."

Nikamwuliza amebadilisha vipi, wategemezi ni kama viatu? Akaniangalia, nadhani alinihurumia, lakini alikuwa na sauti kubwa na foleni ilikuwa ndefu. Akasema, "Ameingiza mke na watoto wengine."

Ndivyo nilivyojua. Sikuambiwa na baba yako, wala na padri, wala na Gwandu aliyekuwa anajua siku zote na leo anakula ubwabwa wangu. Niliambiwa na dirisha la hospitali, foleni nzima inasikiliza, na wewe unakoroma mgongoni mwangu. Nyuma yangu mama mmoja alisonya, sijui alimsonya nani kati yangu na baba yako. Mwingine akasema, "Dada, tupishe basi, na sisi tuna wagonjwa."

Sikupisha. Sijui hata leo ile nguvu ilitoka wapi. Nilikaa chini palepale chini ya dirisha, nikakupakata, nikasema sitoki. Mlinzi akaja, nikamwambia anibebe, kama anaweza kubeba watu wawili anibebe. Wakapiga kelele, nami nikapiga zangu, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili. Mwishowe muuguzi mmoja mtu mzima akatoka mlango wa pembeni, hakuuliza kadi wala mume, akaweka mkono kifuani kwako, akasema, "Huyu anapumua vibaya, mleteni ndani, maneno baadaye." Wakakuwekea hewa. Jinsi nilivyoilipa hospitali ile ni habari ndefu na inachosha, nilimaliza, na hawanidai.

Baba yako alipokuja nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilitaka aseme ni makosa ya ofisi, nimtukane kwa kunidanganya. Hakudanganya. Aliangalia chini akasema, "Ulitaka nifanyeje? Nafasi zilikuwa zimejaa."

Alikuwa na watu wengi kuliko nafasi. Akakaa, akapiga hesabu, akatutoa sisi, halafu akaenda kulala. Na kila alipokuja nyumbani baada ya hapo alikula chakula changu, akakurusha juu ukacheka, akaziona zile kadi zetu mbili kwenye kitambaa akijua hazifanyi kazi. Hapo ndipo nilipomshindwa. Mwanaume kupata mke mwingine, mbona yapo, nisingekuwa wa kwanza. Lakini kuniacha nitembee na kadi mfu, nimbebe mtoto mgonjwa nikiwa na amani! Sijamsamehe. Padri ameniuliza mara nyingi, naye nimemwambia hivyohivyo.

Msimu ulipofunguliwa nilienda kwa karani nikamwambia nataka namba yangu. Akacheka. "Wewe si umeolewa?"

"Nimekuja kuchuma, sikuja kuozwa."

Mnyapara akasogea, kijana mmoja mwenye buti mpya, akasema utaratibu wa shamba ni nyumba moja namba moja, na kama nina ugomvi na mume wangu niupeleke kwa balozi wa mtaa. Sawa, nikasema. Nikachuma kutwa. Jioni nikaburuza gunia langu mpaka mbele ya debe, nikalikalia. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, na nyuma yangu shamba lote limesimama na buni. "Pima, uandike Paulina Njiku," nikasema. Karani akasema hawezi. Nikasema basi tutalala hapa, na kahawa italala hapa, na kesho mtamweleza meneja kwa nini imechacha. Unajua buni mbivu hazingoji. Watu wakaanza kulalamika, kwanza walinilalamikia mimi. Wanawake ndio walionisema vibaya zaidi, eti najitangaza sina mume. Halafu mmoja wao, Mama Boay, mwanamke wa Kiiraqw aliyekuwa hazungumzi sana, akaja akaweka gunia lake pembeni ya langu, akakaa. Karani akaangalia jua, akaangalia magunia, akaandika.

Ndiyo hivyo. Hawakutupigia makofi. Baadaye na mimi nikapata ajira ya kudumu, nikapata kadi yenye jina langu, wewe ukiwa mtegemezi wangu, na kadi hiyo ndiyo iliyokutoa meno na kukutibu malaria mpaka sekondari. Shamba likauzwa, wenye mali wapya wakatugeuza vibarua tena, kadi ikaenda. Sasa nina ile bima ya jamii, na mipaka yake naijua kuliko walioitunga. Nikienda kuchukua dawa za presha daktari ananiambia, "Mama, hiyo imeisha, kanunue duka la ng'ambo ya barabara." Duka la ng'ambo ya barabara la nani? La daktari huyohuyo! Nimemwambia usoni: dawa zako zinaisha upande huu zinazaliwa upande ule. Akacheka, akaingia ndani, ikapatikana. Mjini kwetu hapa kuna kliniki zinazong'aa kwa ajili ya watalii wanaoharisha wakitoka kuangalia wanyama kreta, wanatibiwa kabla hawajakaa vizuri kwenye kiti. Sisi wenye kadi za bima, za kijani na za bluu, tunangoja kwenye benchi. Sasa wanatangaza bima kwa watu wote. Nitafurahi sana. Nitaamini siku nitakayopewa vidonge vyangu bila kugombana.

Wewe unaenda kukaa upande wa pili wa dirisha, na hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko simba wote wa huko njiani. Watakuja akina yeyo, mama wa Kimasai, wametembea kutoka maboma ya mbali, na watoto mgongoni, na kadi imeandikwa watoto wengine kwa sababu siku ya kupigwa picha huyu alikuwa ronjo, kwenye kambi ya malisho, na ng'ombe. Utakuwa umechoka. Utakuwa na mkuu wako anayekuambia utaratibu ni utaratibu. Sikufundishi kazi yako, umeisomea. Ila mkono wa yule muuguzi ulikuwa kifuani kwako kabla jina lako halijajulikana, na kama kungekuwa na utaratibu mzuri siku hiyo ungekuwa makaburini Oldeani. Sitaki kusikia eti umekuwa mtu wa utaratibu mzuri.

Sasa swali lako.

Mwandike baba yako.

Najua ulitegemea niseme umwache. Niliona macho yako mezani, ulikuwa umeshamwacha, ulikuwa unataka ruhusa tu. Mimi sikupi. Na usije ukafikiri moyo umelainika, au kwamba Gwandu na habari zake za figo wameniliza. Nilipopata habari kwamba yule mke wake mwingine wa Mang'ola ameondoka na watoto akamwacha na mashine yake ya damu, sikucheka. Haya, nilicheka kidogo. Halafu nikafikiria mtu anayefika dirishani na mwili umevimba, anaambiwa jina lako halipo. Nikajua jinsi sakafu ile ilivyo baridi. Nimekaa pale. Simpeleki mtu pale, hata yeye, na hasa yeye, kwa sababu nikimpeleka nitakuwa nimejifunza kwake. Thubutu! Nimejifunza kwa watu wengi maishani lakini kwa baba yako sijifunzi.

Jina lake lipo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Niliandikisha mimi, baada ya yote yale, na karani wa vizazi akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mtoto ana baba, ni mjinga lakini yupo. Kwa hiyo hutapata tabu.

Ila mwenyewe aje aombe. Hilo nimemwambia Gwandu koridoni baada ya kula: kaka yako mdomo hauumwi, ni figo. Kesho baba yako atakuja stendi, wamekubaliana. Msikilize mpaka mwisho. Asipotaja dirisha mtajie wewe, mwambie mama amenieleza. Halafu mwambie utamwandika, na mwambie mbele ya Gwandu kwamba aliyesema aandikwe ni Paulina. Nakiri hapo nitapata raha. Kila wiki akienda kusafishwa damu ataulizwa mwenye kadi ni nani, naye atataja jina la mtoto wa kike, na kwenye kompyuta ataonekana mtegemezi. Padri atasema hicho ni kiburi. Aseme.

Na mimi niandike. Niandike wa kwanza, kabla yake. Najua mama mzuri angesema mwanangu mimi niache, nina ile kadi yangu ndogo, nafasi yangu wape wengine. Nilishawahi kuwa mwanamke mzuri wa namna hiyo, nikasimama nyuma ya mtu na gunia tupu. Sirudii. Nina presha, goti la kushoto halipandi ngazi, na ninataka dawa zangu bila kufanya vita kila mwezi.

Leo nafasi zipo za kutosha kwa sababu huna mume wala watoto. Utawapata. Watakuja mmoja mmoja, na mume naye ana mama yake, na kadi haitanuki. Siku itafika utakaa mezani na majina mengi kuliko nafasi, kama alivyokaa yeye, na siwezi kukuambia utamtoa nani. Sijui. Huenda kumtoa mtu kutakuwa ni haki kabisa siku hiyo, watoto wako wakiwa wadogo. Simlaumu baba yako kwa kukosa nafasi.

Lakini utakayemtoa umwambie kabla hujamtoa. Kama ni baba yako, nenda kwake, hata kama ni Mang'ola na vumbi lake, ukae mbele yake umwambie. Na kama ni mimi, Sesilia, panda gari uje Karatu. Usinipigie simu, usimtume mtu, usinitumie ujumbe. Njoo ugonge hapa mlangoni uniambie, mama, nimekutoa. Nitakutukana. Nitakutukana mpaka majirani watoke, na utanisikiliza mpaka nimalize. Halafu nitakupikia chai, utalala, na asubuhi nitakusindikiza stendi nikijua ninachojua.

Mama yako,
Paulina Njiku